Utando Uliofukizwa Udi

"Kwani wewe umeuvuta ukakatika? Umeujaribu? Hujaujaribu. Basi usiniambie haushiki."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu fundi wa miguu, na sauti yangu ilikuwa juu, sikatai. Tulikuwa karakana kwetu Kilifi, pale tunapotengeneza maboti ya faiba, Jumamosi asubuhi, na yeye alikuwa amekuja na shati lake la pasi na kalamu mbili mfukoni. Ni mtu wa hospitali. Kazi yake ni kuwafunga watu miguu ya bandia, ana cheti, na hicho cheti hakimtoki kichwani hata akiwa sokoni anachagua nyanya. Alinisikiliza kama dakika mbili hivi, halafu akacheka kwa pua.

"Dada," akasema, "uzi usioonekana kwa macho hauwezi kumshikilia mtu mzima anayetembea."

"Utando wa buibui unamshika nzi."

"Dada yako si nzi."

Hapo ndipo niliposhika moto. Si kwa sababu alikosea. Ni kwa sababu alisema sawa.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa watoto wadogo huko Ganze. Pikipiki ndiyo iliyomchukua mguu, wa kushoto, unaishia chini kidogo ya goti. Hospitali wakampa wa bandia, na sitawasema vibaya, ulikuwa mguu mzuri. Ndani ya wayo wake mna kitu tunakiita jani, mfano wa jani la springi ya gari, lakini la faiba. Ukikanyaga linapinda, ukiinua linakusukuma mbele. Malindi kwetu, juu ya saruji na lami, jani lile lilikuwa raha. Ganze lilimaliza muhula mmoja.

Wewe huijui njia yake. Kutoka chumba alichopanga hadi shuleni unashuka mto mkavu, unakanyaga mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu, unapanda ng'ambo ya pili, na siku nyingine una mtungi wa maji mkononi kwa sababu shuleni hakuna tone. Siku moja katikati ya mto akasikia mlio mdogo chini yake, kama mtu amevunja kijiti. Jani halikukatika. Lilifunguka. Upande wa kisigino lilikuwa limeachana juu na chini kama mdomo wa samaki.

Akarudi nyumbani kwa bibi, Malindi, na magongo mawili. Bibi ni mama yake mama, ndiye aliyetulea. Hospitali wakasema jani jingine linaagizwa mbali, asubiri, na hawajui miezi mingapi. Mwalimu mkuu akapiga simu, kwa heshima zote, akasema shule ikifunguliwa bila yeye nafasi itabidi apewe mwengine, watoto hawawezi kukaa bila mwalimu. Jumamosi ile ya karakana, shule ilikuwa imebakiza wiki saba kufunguliwa. Na bibi akasema neno lake, na mjomba akaliunga mkono, na jirani naye, ambaye hakuulizwa:

"Si basi, mwanangu. Mungu ameshasema kaa. Kaa. Utasomesha watoto hapa barazani."

Lakini kila Jumapili jioni dada alikuwa akitoa nguo zake za kazini, tatu, akizipiga pasi, akizitundika. Hana pa kwenda nazo. Nilimtazama Jumapili mbili. Ya tatu nikaenda zangu Kilifi na jani lililofunguka ndani ya mkoba.

Sasa nikueleze faiba, maana watu wanadhani ni plastiki. Faiba ni nguo. Ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo. Unakilaza, unakipaka resini, ile gundi nzito inayokauka, unalaza kingine juu yake, unapaka, unalaza, mpaka unene uutakao. Ikikauka ni ngumu kama bati. Nguvu yote iko kwenye nyuzi, lakini nyuzi zote zimelala. Hakuna hata mmoja uliosimama kushona tabaka la juu na la chini. Katikati ya tabaka na tabaka ni resini tupu, na resini kavu ni kama kioo cha dirisha, ufa ukiingia unakimbia hadi mwisho. Chapati ya bibi ukiipasua inafunguka tabaka tabaka, na hiyo ndiyo sifa yake. Mguu ukifunguka hivyo mtu yuko chini.

Mimi haya sikusomeshwa. Nilimaliza kidato cha nne na gredi ambayo mtu akishaiuliza mara moja haulizi tena. Nilikwenda karakana kuomba kazi ya kupiga msasa, na mzee mwenye karakana, Mgiriama wa Kibarani, mtu wa maneno machache, akanipa kipande cha msasa na boti zima. Nilipomaliza akanipa jingine. Baada ya mwaka akanipa brashi. Mengine nimeyachimba kwenye simu, sikio moja na waya, jicho moja kwenye kazi. Na huko ndiko nilikoona watu wa nchi za mbali wakilaza utando mweupe katikati ya tabaka za faiba, utando wa nyuzi nyembamba sana, wanaziita nyuzi za nano. Unywele wako ukiupasua kwa urefu mara mia kadhaa, kijipande kimoja ndio uzi. Ufa ukija mbio kati ya tabaka unakuta nyuzi maelfu zimeshika juu na chini. Kila mmoja lazima unyooshwe, ung'olewe, ukatwe. Ufa unachoka. Na unene hauongezeki hata wa karatasi.

Ndiyo habari niliyokuwa nikimweleza fundi wa miguu Jumamosi ile alipocheka kwa pua. Nilimwita mimi mwenyewe, kwa sababu bila mkono wake hakuna kitakachofungwa kwenye mguu wa dada.

Mzee alikuwa akichanganya resini pembeni. Hakuinua kichwa.

"Bwana," akamwita fundi wa miguu, "wewe unataka kuona nini ndio uamini?"

Yule bwana akafikiri. Si mtu mbaya, nilijua hata nikiwa na hasira. Akasema, "Mimi nikifunga kitu na kikapasuka katikati ya mto, atakayejibu ni mimi. Tengenezeni vipande viwili, kimoja na huo utando, kimoja bila. Tuvipasue. Chenu kikishinda tutaongea."

"Kitashinda," nikasema.

"Mwanangu," mzee akaniambia baada ya mgeni kuondoka, "faiba haina hasira. Lakini wewe unayo ya kuwatosha nyote wawili."

Utando wenyewe hauuzwi Kilifi. Nikaamua kuufuma. Nailoni ilikuwa rahisi, mshipi wa kuvulia ni nailoni, upo kila duka. Kuuyeyusha ndiyo kazi, kunataka asidi kali, ndugu ya ile anayokutia siafu akikuuma, na mafundi wa ngozi wanaitumia. Mzee alimjua mmoja Mombasa. Umeme tukautoa kwenye koili ya TV kuukuu, zile za mgongo mrefu. Nailoni iliyoyeyuka inakaa kwenye bomba la sindano, umeme unaivuta kutoka kwenye ncha, inaruka hewani, inakauka ikiwa njiani, inatua kwenye karatasi ya fedha ya kufungia viazi ikiwa uzi. Mzee akaweka sharti moja: swichi anashika yeye, na mimi nikae mbali nyuma ya mbao, na miwani, na barakoa, na viatu vya mpira. Koili ile ingeweza kuniua, na alinikumbusha kila siku.

Siku nane tulipata matone. Matone tu, kama mtu amepiga chafya. Nikatukana koili, nikatukana Mombasa nzima. Siku ya tisa mzee akasema tujaribu saa nane mchana, jua kali, hewa imekauka, badala ya asubuhi ambapo bahari yote iko ndani ya karakana. Sikuona uzi wowote. Nikaona karatasi ya fedha inaanza kufifia, kama kioo ukikipulizia pumzi. Tukaacha kwa muda wa saa tatu. Nilipoubandua ulikuwa mweupe, laini, mwepesi, kama ile ngozi ya ndani ya dafu changa kabla haijawa nazi. Mzee akaushika kwa ncha za vidole akautazama dhidi ya jua.

"Mulungu," akasema, kwa sauti ya chini. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Ilikuwa Alhamisi. Karakanani mna vumbi la msasa kila pembe, na mimi nilitaka dada auone kabla haujazikwa ndani ya resini. Nikaukunja kwenye karatasi safi, nikautia kwenye boksi la viatu, nikaenda nao Malindi. Dada akaugusa akacheka, kicheko chake cha zamani. "Huu ndio utakaonibeba?" akauliza. Bibi akavaa miwani, akautazama sana, akauliza ni nini. Nikamwambia, "Bibi, hiki ndicho kitakachomshika dada asianguke." Akatikisa kichwa, akaliweka boksi kwenye sanduku lake la mbao chumbani ili watoto wa jirani wasilichezee. Ijumaa asubuhi nikalichukua nikarudi Kilifi, na siku hiyo hiyo tukalaza vipande. Tukaviacha wiki nzima vikauke sawasawa.

Jumamosi ya kupasua, dada alikuja mwenyewe, na magongo yake, akakaa juu ya pipa la resini lililopinduliwa. Fundi wa miguu alikuja na kijitabu. Jaribio lenyewe ni rahisi, hata wewe unaweza kulifanya. Kila kipande, mwanzo wake, tuliacha tabaka mbili za katikati hazijashikana, upana wa vidole vitatu hivi, ndio mdomo wa ufa. Mdomo wa juu unafungwa bawaba kwenye boriti. Mdomo wa chini unaning'inizwa mtungi mtupu. Halafu unamimina maji kopo kwa kopo mpaka ufa ukimbie.

Kipande kisichokuwa na utando kilifunguka kopo la kumi na moja.

Tukafunga chetu. Mimi ndiye niliyemimina. Kopo la tano nilikuwa nikitabasamu. La sita. La saba likasikika kama mtu anapasua khanga, mtungi ukaanguka, maji yakatupiga miguu. Kipande chetu kilikuwa kimelala pande mbili chini, na katikati utando wote umebaki upande mmoja, mzima, haujashika kitu, kama kibandiko kilichokataa kunata.

Laiti fundi wa miguu angecheka. Angecheka ningemrushia kopo na mambo yangekwisha. Lakini aliandika kwenye kijitabu chake, akafunga kalamu, akasema taratibu, "Umejaribu. Wengi hawajaribu hata." Kopo nikalirusha ukutani badala yake. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Akachukua kitabu chake akaondoka.

"Basi," dada akasema. Alikuwa akitazama maji yanavyoingia kwenye saruji. "Jumatatu nitamwandikia mwalimu mkuu. Asisumbuke kunisubiri."

"Usiandike."

"Nitaandika."

"Nipe wiki tatu."

"Shule inafunguliwa baada ya wiki nne, we mtoto."

"Kwa hiyo bado inabaki moja."

Akavuta magongo yake akainuka. Hakusema ndiyo. Lakini hakuandika, najua, nilimpigia Jumatatu, Jumanne na Jumatano mpaka akazima simu.

Mzee hakunifariji. Alinipa msasa na kile kipande kilichofeli akasema, "Kipige. Utajua kilichokiua." Nilikaa nje kwenye kivuli cha boti nikakipiga kwa hasira, upande ule wenye utando. Vumbi la faiba halina harufu nzuri, linanuka kemikali, linawasha pua hata na barakoa. Nikasimama kuvuta pumzi, nikashusha barakoa, na harufu ikanijia. Nikadhani nimerukwa na akili. Nikakileta kipande puani. Kilikuwa kinanuka nyumbani. Kinanuka chumba cha bibi, sanduku la bibi, mtandio wa bibi.

Kilikuwa kinanuka udi.

Kwetu Alhamisi jioni kuna kufukiza. Chetezo kinawashwa, makaa yanawekwa, udi wa kuchanganywa na sukari na mafuta mazuri unatiwa juu, na nguo zote za Ijumaa zinapitishwa moshini. Nimekulia ndani ya moshi huo kiasi kwamba siunusi tena. Udi una mafuta. Moshi wake unaacha mafuta kwenye kila uzi, ndio maana kanzu inanukia hadi wiki ya pili. Na resini haishiki penye mafuta. Hilo hata mpiga msasa wa siku ya kwanza analijua.

Nilifika Malindi adhuhuri. Bibi alikuwa jikoni anakuna nazi. Shikamoo sikutoa. Nitabeba aibu hiyo.

"Bibi, uliufukiza utando wangu?"

"Upi?"

"Ule mweupe. Kwenye boksi."

"Ndiyo. Mara tatu." Alisema kama mtu anayengoja ahsante.

"Ulitaka ufeli," nikasema. "Unataka dada akae hapa barazani, ndio maana. Ulitaka ufeli."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Dada alikuwa mlangoni na magongo yake, na akaniita jina langu lote, na la baba, kama mwalimu anavyoita mtoto mbele ya darasa. Bibi akamwashiria anyamaze. Akajifuta mikono kwenye leso yake, kidole kimoja kimoja.

"Nyumba hii," akasema, "kila cheupe kinachoingia Alhamisi nakipitisha moshini. Mashuka. Kanzu ya babu yako. Nguo yako ya kwanza ulipozaliwa. Sanda ya mama yako nilifukiza mimi, kwa mikono hii. Wewe ulikuja ukaniambia hiki kitamshika dada yako asianguke. Sikujua ni nini. Nikakisomea, nikakifukiza mara tatu, ili kikubaliwe."

"Lakini unataka akae."

"Nataka akae. Nataka akae mpaka nife, nimwone kila nikiamka. Na nilikifukiza."

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Radhi niliiomba siku ya pili yake, kwa kumbusu mkono, na hata hapo nilinong'ona. Akanisikiliza, kisha akauliza jambo lililokuwa likimkera tangu jana.

"Kwa hiyo moshi wangu ni uchafu?"

"Si uchafu, bibi. Ni mafuta."

"Na wewe nywele zako hizo si mafuta? Na huyo mzee wako, mikono yake, hali wali wa nazi?"

Alikuwa na haki. Siku zote hizo mimi nalaza nguo za kioo na nywele zimepakwa mafuta ya nazi hadi zinang'aa, na sikuwahi kuwaza.

Basi tulipofuma utando wa pili, bibi alikuja Kilifi. Hakuna aliyemwalika. Alifika na beseni, sabuni ya kipande na taulo, akaomba kiti, akakiweka mlangoni mwa karakana. Hakuna aliyepita bila kunawa mpaka kwenye viwiko. Mimi akanifunga kichwa kwa kitambaa safi akakaza hadi nyusi zikapanda. Mzee mwenye karakana, kwenye karakana yake mwenyewe, alinawa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza bibi alimnusa akasema bado. Vijana wa msasa wakatoroka nyuma ya boti. Fundi wa miguu alikuja mchana huo, na ninamheshimu kwa hilo, maana mzee alimpigia kumweleza habari ya udi naye akasema anataka kuona tunavyolaza. Bibi akamtazama kuanzia viatu hadi kalamu.

"Na wewe mwenye kalamu, nawa."

"Bibi, mimi natazama tu."

"Tazama umenawa."

Akanawa. Akanawa hata uso.

Safari hii alitaka vipande vitatu vya kila aina. Kimoja ni bahati, alisema. Nikaanza kufungua mdomo, bibi akanikanyaga mguu. Na alikuwa sahihi yule bwana, nalikubali sasa, wakati ule nilimeza kama dawa chungu. Vilipokauka tukavipasua: visivyokuwa na utando vikafunguka kumi na moja, kumi, kumi na moja. Vyetu vikaenda kumi na sita, kumi na tano, na cha tatu kikakatalia kumi na saba. Na havikufunguka kwa mlio mmoja kama kwanza. Vilifunguka kidogo, vikasimama. Kidogo, vikasimama. Tulipotazama ndani, pande zote mbili zilikuwa na manyoya meupe, utando umeraruka nusu kwa nusu, kama watu wawili waliogombania shuka na hakuna aliyeachia.

Fundi wa miguu akapitisha kidole pale kwenye manyoya, akarudia. Hakusema amekosea. Alisema, "Tengenezeni jani."

Tukatengeneza, utando katika kila pengo la tabaka. Akaleta vipimo vya hospitali, uzito wa dada, unene, mpindo. Tukalifunga chini ya mkono wa chuma unaosukumwa na mota ya cherehani, linapinda na kunyooka, kutwa nzima, siku kumi, na kila tukizima mzee analigonga kwa ukingo wa sarafu kote kote. Jani zima linalia ting. Lililofunguka ndani linalia dub, kama papai bovu. Siku kumi, ting. Siku ya kumi na moja fundi wa miguu akalifunga kwenye wayo wa dada kwa mikono yake, akakaza boliti, akainuka.

"Kila mwezi nalikagua," akasema.

"Kila wiki nalikagua mimi," nikasema.

"Nalijua hilo," akasema, na safari hii kicheko hakikupitia puani.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Nilikwenda naye Ganze, nikashuka naye ule mto. Sikumshika mkono, alinikataza. Nilitembea hatua mbili nyuma nikisikiliza chini kama mwendawazimu. Alifika ng'ambo, akajifuta vumbi kwenye ile nguo ya pasi, akaenda. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni. Hakugeuka kunitazama, na nilifurahi hakugeuka.

Sasa nakwambia na lililobaki, nisije nikaitwa mwongo. Mwisho wa muhula, nikigonga kisigino, sarafu ikalia dub. Doa dogo, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Ufa umeingia. Habari ikazagaa hadi Malindi kabla sijafika, na wale waliosema haushiki wakanijia na nyuso za pole, mjomba akiwa wa kwanza. Si tulisema. Si tulikwambia litapasuka.

Fundi wa miguu hakusema hivyo. Alichukua moja ya kalamu zake akachora mstari kuzunguka lile doa. Kama litavuka mstari, jani linatoka siku hiyo hiyo, na jingine liko tayari kwenye rafu ya mzee, nimelilaza mwenyewe, nikiwa nimenawa. Tangu hapo ni muhula wa pili unakwisha. Kila wiki nagonga. Mstari haujavukwa. Kila kitu kinachobeba mtu kinaingia ufa, hata wewe una wako. Jani la kwanza liliingia ufa ukakimbia hadi mwisho asubuhi moja. Hili umeingia umesimama, umeshikwa na mshipi wa kuvulia uliofumwa mchana wa jua na watu waliokuwa hawana cheti.

Bibi bado anamwambia akae. Kila likizo anamwambia, na kila Jumapili ya mwisho wa likizo anamfukizia zile nguo tatu, mguu ameuweka mbali na moshi, chumba kingine, mlango umefungwa.

Na wewe uliyenijia juzi barazani na ile sauti yako ya huruma, eti hatari, eti si bora apumzike tu. Mto unaujua sasa, doa unalijua, mstari unaujua. Wewe ungemkalisha?